Viti Vimejaa

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Kwanza pokea salamu za watu wa nyumbani, maana wamejipanga mlangoni kama wanaongojea maji. Mama hajambo, ni macho tu yanazidi kumkimbia. Siku hizi anamjua mtu kwa hatua zake. Shemeji yako yuko safarini na lori. Akirudi analala mchana kutwa halafu anaondoka tena, na watoto wanamwamkia kama mgeni. Mkubwa ameanza shule. Mdogo, ambaye ulimwacha hata shingo haijakaza, ananyonya kama mtu anayelipiza kisasi. Mimi ni mzima. Kule dobi tumeongezewa shuka za zahanati, kwa hiyo jioni mkono wa kulia unakuwa umekufa ganzi kwa pasi, namrudisha mtoto nyumbani kwa wa kushoto. Ndiyo maisha, nayo yanakwenda.

Kaka, tangu uende huko kutibiwa koo, simu yako haipatikani. Barua yako iliyokuja na basi la vifurushi ilikuwa fupi mpaka Mama akaniuliza kama imechanika. Hukusema unaendeleaje. Uliuliza jambo moja tu: kanisa likoje?

Nakujibu. Paa lilivuja upande wa kwaya, seremala ameziba. Jumapili Mwenyekiti wa baraza ndiye anayesimama mahali pako, na sauti yake unaijua, mtu anaweza kusinzia pamoja na dhambi zake. Hakuna kiti kilichotoka. Cha yule mpaka rangi kipo pale kwenye nguzo na mto wake wa bluu, ingawa tulimzika kabla hujaondoka. Cha mama muuza mkaa kipo. Vya fundi viatu na wanawe vipo vyote. Ulitufundisha mwenyewe, wakati ukumbi bado unanuka matairi yaliyokuwa yakihifadhiwa humo, na kila nyumba ikaja na kiti chake kwa sababu hatukuwa na benchi hata moja: kiti cha mtu hakikaliwi na mwingine, wala hakitolewi mpaka mwenyewe aje akichukue. Tumeshika hivyo. Wageni bado wanatutania kwamba kwetu kila mtu ni mwenyekiti.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ukumbi umejaa viti, hakuna hata pa kuweka kingine. Cha nyumba yetu anakalia Mama, mimi nasimama nyuma na mtoto.

Pumzisha koo, upone.

Mdogo wako,
Chiriku


20 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka nesi akaniuliza kama nimepata mchumba uzeeni. Nikamwandikia kwamba hapana, ni ya mtu aliyenikojolea mgongoni nikiwa na umri wa kuchezea gololi, na sasa ameota mdomo. Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

Simu imeibiwa hapa wodini, usijisumbue kupiga. Chakula ni laini, dirisha linatazama kamba za kuanikia, na nakuambia kwa uchungu kwamba shuka za huku hazijui pasi. Zingepita mikononi mwako ningeona aibu hata kuzilalia. Mwambie Mama nakula vizuri. Mwambie nauliza habari za goti lake.

Sasa sikiliza. Kama hakuna pa kuweka kiti kingine, basi wakati umefika. Nimelala hapa nikifikiri jambo hili tangu waniingize. Tufungue vituo viwili vya ibada: kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali, kingine kule juu kwenye tangi la maji. Si lazima majengo. Kivuli kinatosha, hata uani kwa mtu. Nimemwandikia Mwenyekiti aliweke mbele ya baraza, na nimemnukulia maneno yako ili wajue si ndoto za mgonjwa.

Wewe ndiye sauti ya akina mama pale barazani. Watakaposema tungoje nirudi, usikubali kungoja. Piga kura ya ndiyo.

Wabusu watoto.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kukawia. Mdogo anaota meno, usiku wangu umekatwa vipande vipande kama sabuni ya mche. Mama goti limetulia. Kila siku ananiuliza utahubiri nini Jumapili ya kwanza ukirudi, na kila siku namwambia utachagua mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu, alipita siku mbili.

Baraza lilikaa. Mwenyekiti amefurahi kupita kiasi. Unajua tangu wale jirani zetu wa kanisa la ng'ambo ya barabara wafungue vituo vyao, hali akashiba. Alikuja na mpango mzima: turubai, vipaza sauti, utepe wa kukatwa, na mgeni rasmi. Seremala yuko upande wake. Bibi Cherehani akapinga. Alisema, "Mimi nashona tangu sijaolewa. Ukikata kitambaa kidogo vipande vitatu hupati nguo tatu. Unapata matambara ya kufutia meza." Wengine wakagawanyika nusu kwa nusu, ikabaki kura yangu.

Ndipo Mwenyekiti akaisoma barua yako. "Dada yangu mwenyewe ameniandikia, hakuna pa kuweka kiti kingine." Kaka, ukumbi mzima wa baraza ulinigeukia. Bibi Cherehani alikohoa, akaokota uzi ambao haukuwepo kwenye sketi yake. Mwenyekiti naye akatazama dari. Anajua kama ninavyojua, lakini barua ilimfaa. Nikaomba kura iahirishwe, nikasema mtoto ana homa. Hakuwa na homa.

Nilisema viti, Kaka. Mbona umesoma watu?

Sasa nikuambie nilichokuficha. Tangu wapanue barabara na kuvunja nyumba za upande wetu, watu walihamia kokote walikopata: matofalini, kwenye tangi, wengine mbali zaidi. Mwanzoni walikuwa wanakuja kwa miguu, wamefika na vumbi mpaka magotini. Ulipoondoka wakapungua, halafu wakaisha. Jumapili nikisimama nyuma naona migongo ya viti, na hapa na pale kichwa. Kwaya inaimba kwa viti. Mtoto akilia sauti inapanda darini, inarudi, kama wamelia wawili.

Sikuandika hivyo kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Lakini sitapiga kura kulikata kanisa ambalo halitoshi hata kujifunika. Nitakataa, na nimeona nikuambie mapema, usije ukasikia kwa Mwenyekiti.

Na wewe unijibu jambo moja. Umesema ulimwandikia nesi. Mtu yuko kitandani, nesi yuko mbele yake, anamwandikia kwa nini? Wiki iliyopita nilipata namba ya wodi, nikapiga. Nesi akasema subiri nikupe Mchungaji. Nikasikia mtu anapumua. Nikasema Kaka, Kaka, mpaka salio likaisha. Alikuwa nani?

Chiriku


29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na usinune. Nimekaa na kalamu siku nyingi, nikiandika habari za hali ya hewa na kuzichana.

Nilisoma viti. Nani angenidanganya kwa viti, wakati sheria ile niliiweka mimi? Ulipotaja mto wa bluu wa mpaka rangi nilijua umehesabu walio hai na wafu pamoja ili unifurahishe. Nikakuachia. Nikamwachia na Mwenyekiti asome anavyopenda, maana baraza letu unalijua. Ukiwaambia ukumbi umejaa, wataruka wafungue kingine. Ukiwaambia umekuwa mtupu, watakaa miaka wakitafuta wa kumlaumu. Hilo nililifanya kwa akili yangu timamu, na jina lako ndilo lililoingia aibuni. Nisamehe.

Aliyekuwa anapumua ni mimi.

Walikata, Chiriku. Ilikuwa kabla ya barua yako ya kwanza. Walisema ama sauti ama mimi, nikachagua mimi, na siku nyingine naona nilichagua vibaya. Shingoni nina tundu, napumulia hapo. Simu haikuibiwa. Niliigawa, ya nini kwangu. Kuhusu mengine ambayo daktari anayasema, tuyaache kwanza.

Kwa hiyo hakuna Jumapili ya kwanza nikirudi. Watu wale walikuwa wanatembea njia yote ile kuja kusikiliza sauti moja, na hiyo sauti ilitupwa kwenye ndoo. Niliwazoesha vibaya. Ndiyo maana nataka vituo vidogo, watu wachache wanaotosha kusomeana bila kupaza. Sitaki vipaza sauti. Sitaki utepe.

Wala sisemi tulikate kanisa. Limeshakatika, tumebaki kulinda samani. Niliposema kiti kisitolewe mpaka mwenyewe aje akichukue, sikufikiri kwamba kuna mtu ambaye hawezi kuja. Basi tumpelekee. Kituo ni hicho tu: viti vimefika walipo wenyewe.

Piga kura unavyoona. Mama usimwambie.

Kaka yako


23 Mei

Kaka,

Shikamoo. Watoto wazima. Barua yako niliisomea bafuni, mlango nimeuegemea, bomba limefunguliwa. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Nikiandika sitamaliza, na pasi inanisubiri.

Mama nilimsomea kama kawaida, habari za kuomba msamaha na za viti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Unaruka mistari, mwanangu. Nakusikia ukimeza mate." Nikamwambia ni mwandiko wako mbaya. Akasema sawa. Hajauliza tena utahubiri nini.

Baraza limekaa. Nilisimama na mtoto mgongoni, nikawaambia: "Ukumbi umejaa viti. Watu wako matofalini na kwenye tangi. Mimi nasema ndiyo, lakini nasema twende na viti vyao, tuwakabidhi, tukae nao. Kama hamtaki kubeba viti, basi nasema hapana." Mwenyekiti akasema huo si uzinduzi, huo ni uhamisho. Akauliza na utepe utafungwa wapi. Seremala akamwambia ufungwe kwenye mkokoteni. Hapo walicheka, ikawa ndiyo kura. Kuhusu sauti yako sikuwaambia neno. Hiyo ni yako kusema.

Ulidhani tutapokelewa kwa vigelegele, Kaka? Nami nilidhani. Tulisukuma mkokoteni seremala na mimi, viti vimefungwa kwa kamba, miguu juu. Fundi viatu alipokea vyake, akavipanga ukutani, akatushukuru kama anayemshukuru mtu aliyemletea barua iliyopotea njia. Kwa mama muuza mkaa tulibisha muda mrefu. Alifungua kidogo, akatazama kiti, akanitazama mimi. Akaniambia, "Nilikuja kukichukua siku tulipohama. Mlinzi akanikatalia, ati hakitoki. Mchungaji mzima, na waumini wake wote, mkazuia kiti cha mjane." Nikamweleza kwamba ilikuwa heshima, kwamba tulimwekea. Akasema, "Nilikaa chini mwaka mzima, mama. Heshima hiyo mngeniletea."

Hakukataa kiti. Alikiingiza, akafunga mlango.

Mlinzi alishika sheria yako neno kwa neno: mwenyewe aje akichukue. Mama muuza mkaa alipokuja, mtoto wake ndiye aliyekibeba, yeye ana mzigo kichwani, mlinzi akasema huyu siye mwenyewe. Nakuambia si kwa kukuchoma. Nakuambia kwa sababu ulisema niliandika viti ili nikufurahishe, na leo sitaki kukufurahisha.

Jumapili ya kwanza matofalini tulikaa uani kwa fundi viatu. Vumbi jekundu, tanuri linafuka ng'ambo ya ukuta. Tulikuwa wachache mno, mtu akipiga chafya wote wanamwombea. Mke wa fundi viatu alisoma kwa kukokota, akikwama mwanawe anamsaidia. Hakuna aliyehubiri. Kule kwenye tangi, seremala anasema walikuwa wachache zaidi, mvua ikawatawanya.

Ukumbi wa zamani umebaki na Bibi Cherehani, Mwenyekiti, Mama, na wengine wanaokaa karibu. Mama amekataa kuhamishwa. Anasema mtu akirudi anarudi pale alipotokea. Sakafu ina alama za miguu ya viti, mapengo kila mahali. Nilifagia siku ile, sikujua nifagie wapi niache wapi.

Sijui kama tumefungua vituo viwili au tumefunga kimoja. Wewe unajua?

Na kiti chako, kile cha mbele, kipo peke yake. Hakuna anayetaka kukigusa. Nikifanyeje?

Chiriku


11 Juni

Chiriku,

Anayeandika ni jirani yangu wa kitanda cha pili, mkono wangu leo umechoka. Namwonyesha herufi kwenye kibao, naye ana haraka ya kubahatisha, kwa hiyo makosa yote ni yake.

Mwambie mama muuza mkaa kwamba nimesikia. Usimweleze chochote, mwambie hivyo tu.

Hujui kama tumefungua au tumefunga. Mimi pia sijui.

Kiti changu kipeleke matofalini, kiweke nyuma karibu na mlango, kama mtu mwingine yeyote. Kisikae kitupu. Mtoto akikulemea, kalia. Ile sheria nimeifuta.

Kaka yako


15 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nilingoja barua nyingine kabla ya kujibu hii, haikuja. Nimekwenda ofisi ya vifurushi mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Shemeji yako amepata mzigo wa kuja upande huo mwisho wa mwezi. Nimempa shuka mbili, nimezipiga pasi mwenyewe pande zote. Mwambie nesi akutandikie hizo.

Mkubwa amejua kusoma jina lake. Mdogo amesimama dede, akaanguka, akasimama tena. Mama anakusalimu. Juzi aliniomba nimsomee barua yako ya Aprili tena, na safari hii nisiruke. Nilimsomea yote. Akaniambia nikuandikie hivi: hata ulipokuwa mtoto hukuwa na haja ya kuniita, nilikuwa nakujua kwa hatua. Amesema uje tu.

Wengine nao wameambiwa kuhusu sauti yako, aliyewaambia ni Mama, si mimi. Bibi Cherehani amekushonea kitambaa cha shingo, chepesi, cha kupitisha hewa. Nimekiweka ndani ya shuka.

Mama muuza mkaa nilimpa maneno yako. Jumapili iliyofuata alikuja na kiti chake kichwani, akakaa ukingoni kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Hajaimba bado.

Chako tulikileta. Nilikiweka nyuma kama ulivyosema, nikasimama kando yake, maana mazoea yana miguu yake. Jumapili mbili nimesimama. Jumapili iliyopita nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, mtoto analia, magoti yananiita chini. Mama muuza mkaa akageuka, akaniambia, "Kaa, mama. Kiti ni cha kukalia."

Nikakaa. Kikainama upande, nikataka kuanguka na mtoto. Kumbe mguu mmoja ni mfupi, Kaka. Miaka yote umekikalia mbele ya macho yetu, umejishikilia kwa goti, unatabasamu. Seremala yupo pale pale, neno moja tu angekitengeneza.

Nimekitilia kipande cha tofali, huku hayakosekani. Hakichezi tena. Kila Jumapili nakikalia, namnyonyesha mtoto, natazama mlango.

Ukija, nitasimama.

Chiriku